Nyumba Arobaini Zisizo na Shida

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa nzima kabla ya ofisi kufunguliwa, nikasimama mvuani nikikariri hatua za kuwasaili watu. Kazi hiyo nimeiacha kabla ya kutimiza umri wa miaka thelathini na mitano, kwa hiyo mkinicheka ninapojiita mstaafu sitanuna. Nawaandikia ninyi mnaoianza.

Nilikuwa mhojaji: mtu anayebisha hodi akiwa na dodoso, ile karatasi ya maswali, na kurudi nayo imejaa. Chuo kikuu sikukikanyaga. Sosholojia niliisoma peke yangu maktabani, na kila asubuhi niliogopa kwamba leo ndiyo leo, nitagunduliwa. Msimamizi wa Uwandani, mkuu wetu sisi wahojaji, alinianzisha mtaa wa Harborne, huku kwa Waingereza, kuwauliza wauguzi kuhusu zamu zao. Karatasi zangu zilikuwa safi kuliko za wote. "Wewe unajaza kama mtu anayeandika wosia," aliniambia.

Kisha akaja Profesa, mwanamke Mmarekani ambaye vitabu vyake nilikuwa nimevisoma mpaka kurasa zikalegea. Baba yake aliachishwa kazi kiwandani, akafa akijiona mzembe. Baadaye binti huyo alikuja kujua kwamba kila baba wa mtaa ule alikuwa akijilaumu vivyo hivyo, kimya, nyuma ya mlango wake. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo lililompa jina: aibu ya nyumba moja huenda ni ya wenyewe, lakini ukiikuta katika kila nyumba, kaitafute nje.

Alinituma mtaa wa Tyseley, kwa familia za Wakongo, kuuliza hali ya nyumba zao. Ripoti ingewaendea wenye nyumba waliowapangisha, nao wangeamua kama kuna cha kutengeneza. Nilirudi na madodoso arobaini. Profesa aliyapitia, akavua miwani.

"Familia arobaini, na hakuna hata moja yenye shida?"

"Ndivyo walivyosema, Profesa."

"Uliketi wapi?"

"Karibu na mlango."

"Walikupa nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Walinipa chai, walinipa chakula, na kila mahali nilikataa kwa kuogopa kuchafua karatasi. Mimi, niliyelelewa Kakamega nikijua kwamba mgeni asiyeonja kitu hafunuliwi jambo! Huambiwa "tuko salama" na kusindikizwa. Tena harufu ya unyevu niliisikia. Kwa kuwa haikuwa jibu la mtu, sikuiandika.

"Rudi," alisema. "Karatasi ziache hapa."

Nilianza kwa Mama Furaha, mama wa watoto wanne kutoka Bukavu.

"Ule mtoto wa Kenya amerudi!" alimwita binti yake. "Leo utakula, ama unaogopa bugari ya muhogo?"

"Nitakula, Mama. Siku ile nilikosa adabu."

"Ulikosa sana. Ikala," alisema, akinivutia kiti.

Nilikula ugali wao huo kwa sombe, mboga ya majani ya muhogo. Aliponiongezea mara ya pili, alinyanyuka akasogeza kabati. Ukuta wa nyuma ulikuwa mweusi kwa ukungu hadi darini.

"Nilizania ni miye sijue kusafisha," alisema kwa sauti ndogo. "Kila juma nafuta. Mtoto anakohoa. Sikuambia mtu, hata Mama Neema wa hapa kando."

Kesho yake nilikula kwa Mama Neema. Naye alikuwa na kabati mbele ya ukuta. Niliporudi kumwomba Mama Furaha ruhusa ya kulitaja jambo lake kwa jirani, alinikodolea macho, akatoka na kandambili zake kwenda kugonga mwenyewe kwa Mama Neema. Nyumba nyingine zikafuata, kabati moja baada ya jingine.

Nilimwandikia Profesa barua ya kukiri vyakula nilivyokataa na harufu niliyoiacha bila kuiandika, nikaiandika upya mara sita, nikangoja kufukuzwa. Akaifanya ukurasa wa kwanza wa ripoti. "Huu ndio usaili wako wa kwanza mzuri," alisema.

Kuta zilitengenezwa, si zote na si upesi. Profesa alirudi kwao. Mradi ulipokwisha, nami nikastaafu. Watu huniuliza alinifundisha nini, wakitarajia nadharia. Huwasimulia siku ya kukabidhi ripoti, akina mama walipokuja wenyewe na afisa wa wenye nyumba akauliza ni nani kati yao mwenye ukuta mbovu. Nilifungua mdomo nitafsiri. Mama Furaha alikuwa ameshaelewa.

"Sisi wote," alimjibu kwa Kiingereza chake kichanga, na hakuna hata mmoja aliyetazama chini.