Dhiraa Moja Juu ya Maji

Kwa miaka kumi na miwili nimenunua mpunga wa Bi Mashavu, na sijawahi hata msimu mmoja kuununua kwa bei niliyotoka nayo Kibiti. Anakuacha useme wee mpaka uchoke, anakukaribisha chai, anakuuliza hali ya mama yako, kisha anakutajia bei yake kana kwamba mlishakubaliana jana. Sisemi hivi kumsifu. Nasema ili ijulikane kwamba si mtu wa kutetemeka ovyo. Kwa hiyo asubuhi aliyoingia stoo kwangu na barua ya ofisi ya wilaya imekunjwa kwenye pindo la kanga, akakaa juu ya gunia la ufuta, akashindwa kushika kikombe kwa mkono mmoja, nilirudishia mlango nikamsikiliza.

Mashavu analima bondeni, chini ya kijiji cha Mtunda. Mumewe alimwacha na mtoto mmoja wa kike, Sihaba, na jembe lisilo na mpini. Mengine yote aliyo nayo aliyatafuta mwenyewe. Kule bondeni kila mwenye shamba ana dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miguu ya miti. Mtu analala humo kulinda mpunga na nguruwe, na mto ukijaa, maji yanapita chini yake. Tangu enzi za wazee, maji yakishakoma kupanda, mwenye dungu huchukua panga akakata alama kwenye mguu wa dungu pale yalipoishia. Mguu mmoja unaweza kubeba alama za miaka ishirini. Hakuna aliyewahi kuzitilia shaka, kwa sababu hapakuwa na faida yoyote ya kuzidanganya.

Faida ilikuja mwaka 2024. Mwaka ule maji yalikomea magotini kwenye madungu, lakini kijito kinachotenganisha bonde na kijiji kilifika shingoni, kikafunga njia siku tisa. Jirani yao Swalehe alijaribu kuvuka na godoro kichwani. Alionekana siku ya pili, mbali sana huko chini. Mpunga ulizama wiki tatu ukaoza. Ndipo zikaja habari kwamba watathmini wanakuja kuandika watu wa kupewa mbegu na unga, na kwamba wataandikwa wale tu ambao maji yaliwafika kiunoni.

Mashavu aliona huo ni upuuzi. Mpunga uliooza kwa maji ya goti umeoza, hauwezi kuoza zaidi kwa maji ya kiuno. Akakata kijiti cha dhiraa moja, kiwiko mpaka ncha ya kidole, akapita madungu sita, lake na ya majirani watano. Kila alipofika alisimamisha kijiti juu ya alama ya kweli, akakata nyingine pale kijiti kilipoishia, na ile ya kweli akaiziba kwa lami na tope. Alitumia kijiti kimoja kwa madungu yote, maana alijua mtathmini mwenye akili hasikilizi maneno ya mtu, analinganisha. Watathmini walikuja, wakapima, wakakuta alama zinalingana. Familia sita zikaandikwa. Kijiti akakitia jikoni, kikaivisha ugali, na yeye akalisahau jambo hilo.

Halafu shule ya sekondari ikaingia kwenye mashindano.

Yalikuwa mashindano ya wanafunzi wenye suluhisho za mazingira ya kwao. Yasmin, binti mkubwa wa Sihaba, yuko kidato cha tatu, na ndiye aliyeongoza kikundi cha watu wanne. Walitengeneza kengele ya maji. Ni bomba la plastiki lililofungwa kwenye mguu wa dungu, na ndani yake kuna kidumu kitupu kinachoelea. Maji yakipanda, kidumu kinapanda. Kikifika kwenye alama nyekundu kinachomoa pini, chuma kinaangukia rimu ya lori, na rimu hiyo inasikika bonde zima. Waliitega ya kwanza kwenye dungu la bibi yake Yasmin. Ikijaribiwa inalia mpaka mbwa wanakimbia. Walishinda kata, wakaingia fainali ya Kibiti, na Mashavu alitamba sokoni kama bibi yeyote angetamba.

Alitamba mpaka jioni aliyokuwa akimenya muhogo, na Yasmin akamsomea daftari lake la majaribio. Alisoma kwamba alama nyekundu imewekwa shibiri moja chini ya maji ya 2024, ili watu wapate muda wa kuvuka kijito.

Mashavu akauliza, "Alama ya dungu la nani hiyo?"

"La kwako, bibi. Halafu tukapima na yale matano tuhakikishe. Zote sawa, hazipishani hata kidole. Mwalimu Hemedy anasema hajawahi kuona vipimo safi namna hii."

Kisu kikasimama kwenye muhogo. Mashavu hakusoma sana, lakini hesabu za kupima anazo kichwani. Dhiraa ni shibiri mbili. Alama ilipandishwa shibiri mbili, watoto wameshusha moja. Kwa hiyo nyekundu ilikuwa bado shibiri nzima juu ya maji yaliyomuua Swalehe. Mafuriko yale yale yakirudi kama yalivyokuwa, kengele isingelia.

Na masika yalikuwa yameshaanza, na Sihaba alikuwa akilala bondeni na mtoto mchanga wa miezi mitano.

Tangu jioni ile Mashavu hakula akashiba. Kila wingu lililopanda upande wa juu ya mto lilimtoa nje kulitazama. Alikuwa akishuka bondeni mara mbili kwa siku kutazama mguu wa dungu, akijifanya amesahau ungo, amesahau jembe. Kilichomtisha zaidi ni usingizi wa watu. Zamani mto ukianza kunguruma, bonde zima lilikuwa macho, mtu anashuka ngazi kila baada ya muda kupapasa maji kwa mguu. Sasa walikuwa wanajifunika. Alipomwambia Sihaba arudi kijijini, Sihaba alicheka akasema mpunga atamwachia nguruwe yupi, na kengele ipo, tena ya mwanawe mwenyewe.

Akamwendea Yasmin. Wawili hao wana utani wao, huitana mke mwenzangu, na huwa wanagombea mume ambaye hayupo. Safari hii utani ulimtoka mdomoni mkavu.

"Ishusheni hiyo nyekundu, mke mwenzangu. Ishusheni mpaka chini ya goti."

"Kwa sababu gani?"

"Naogopa tu."

"Bibi, majaji hawapimi woga. Wataniuliza namba nimeitoa wapi."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi ya kusema, na hakusema. Aliniambia hivyo mwenyewe, bila kujitetea. Aliona mbele yake familia sita zilizokula unga wa serikali, aliona askari, na aliona uso wa Yasmin.

Akaenda kwa Tamimu, mmoja wa wale watano. Tamimu ni mtu wa maskhara hata msibani. Alimsikiliza akichonga mpini wa shoka, kisha akasema, "Dada Mashavu, mwaka ule ulituletea kijiti, mwaka huu unatuletea pingu?" Lakini aliacha kuchonga. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba amwache mtoto ashinde kwanza. Fainali ni Jumamosi ya wiki ijayo. Ikipita, wao watu wazima watashuka wenyewe, waishushe nyekundu kimyakimya, na hakuna atakayeulizwa kitu. Siku kumi tu.

Yalikuwa mapatano mazuri, na Mashavu anayajua mapatano mazuri akiyaona. Kila upande ulipata kitu. Akayakubali. Kasoro yake ilikuwa moja, kwamba mto haukuwepo kwenye mazungumzo.

Siku ya sita maji yaliingia mashambani. Siku ya saba yalifika kifundoni chini ya dungu lake, rangi ya chai ya maziwa, yakitembea polepole na takataka za huko juu. Wavuvi walisema mamba ameonekana kijitoni, mahali pale pale pa kuvukia. Na siku hiyo, Jumatano, majaji wakaja kuiona kengele ilipotegwa.

Walikuwa watatu, na viatu vya mpira vipya. Wenye madungu wote sita walikuwepo, na mwenyekiti wa kitongoji, na Mwalimu Hemedy akitokwa na jasho kwenye mvua. Yasmin alieleza vizuri, akajaribu kengele, rimu ikalia, watu wakapiga makofi huku wamesimama majini. Mmoja wa majaji, mama wa makamo mwenye daftari dogo, hakupiga makofi. Aliutazama mguu wa dungu, akautazama kwa mbali ule wa Tamimu, akamgeukia Mashavu.

"Shikamoo bibi. Wewe mwaka ule ulikuwepo hapa?"

"Marahaba. Nilikuwepo."

"Maji yalifika hapa kweli? Kwenye alama hii?"

Lilikuwa swali la kawaida, wala hakuwa na shaka yoyote, baadaye alisema hivyo. Alitaka tu kusikia kwa mwenye shamba. Ndiyo moja ingetosha. Tamimu alikuwa ameshageuka kutazama mto. Yasmin alikuwa akitabasamu. Juu yao, kwenye sakafu ya dungu, mtoto mchanga wa Sihaba akaanza kulia, na Mashavu akahisi maji yamepanda kutoka kifundo kuja juu yake, kidogo tu, upana wa kidole, tangu walipofika.

Akachomoa panga lililochomekwa chini ya sakafu ya dungu, akainama, akakwangua lami. Ilichukua muda. Alama ya zamani ilipoonekana, nyeupe ndani ya ule weusi, akaweka kidole.

"Yalifika hapa. Ile ya juu niliikata mimi, tupate mbegu. Na zile tano nilizikata mimi pia, wenyewe hawakuwepo."

Sehemu ya mwisho ilikuwa uongo, na wote sita walijua. Hakuna aliyeukanusha.

Mama yule aliandika muda mrefu. Mwalimu Hemedy alikaa kwenye ngazi ya dungu. Yasmin aliwasubiri majaji waondoke, akachukua futi yake, akapima shibiri moja chini ya alama ya kweli, akafungua pini na kuishusha, akafunga waya kwa koleo. Kisha akapita mbele ya bibi yake kama anavyopita mbele ya mti, akaondoka na wenzake.

Jumamosi fainali ilifanyika hapa Kibiti. Nafasi tatu zikatajwa, na yao haikuwemo. Waliambiwa kifaa ni kizuri, vipimo vina walakini. Yasmin alikuwa bado ukumbini, amekaa na kile kibomba chao cha maonyesho mapajani, simu ya mwalimu ilipoita. Alikuwa mama yake.

"Yasmin, kengele yako imelia baada ya adhuhuri. Tumevuka wote, maji yalikuwa mapajani. Sasa hivi kijito kimefika kifuani kwa Tamimu, na yule unamjua urefu wake."

Yasmin akauliza kama bibi amevuka. Sihaba akamwambia alivuka wa mwisho, alikuwa anapita dungu kwa dungu akiwatoa waliojidai hawajasikia.

Maji yalipanda mpaka alfajiri ya Jumapili. Yalikuja yakaifunika alama ya kweli ya 2024, yakapita juu yake vidole vinne, yakasimama. Ile ya uongo ilibaki kavu. Kama nyekundu ingebaki mahali pake, kidumu kisingeigusa, na watu saba na mtoto mchanga wangekuwa juu ya madungu, wamejifunika, wanangoja kengele.

Barua ya ofisi ilimfikia wiki tatu baadaye, ikimtaka aje Kibiti kueleza habari ya alama. Ofisi itasema nini, hajui wala mimi sijui. Nilimshauri aseme machache, akubali kosa kabla hajaonyeshwa, na asitaje jina la mtu mwingine hata akiombwa kwa upole. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza bei ya kwanza.

Nikadhani barua ndiyo inayomtetemesha. Akatikisa kichwa. Akasema na ofisi ataongea, kuongea anakujua. Akanieleza habari ya jana yake.

Maji yalikuwa yameshuka, na alishuka bondeni kukata alama ya mwaka huu kabla tope la mguu wa dungu halijaoshwa na mvua. Alimkuta Yasmin ameshafika, tangu Jumatano ile hawajasemezana. Msichana alikuwa na daftari na futi. Hakumwita mke mwenza. Alimpa shikamoo, akamkabidhi panga, akasimama upande wa pili wa mguu ule.

"Kata, bibi. Mimi naangalia."

Mashavu alikata mahali maji yalipoishia. Panga lilimteleza mara ya kwanza, akakata tena. Yasmin aliinama, akapima kutoka ardhini mpaka kwenye alama, akaandika. Halafu akapima tena.