Miwati ya Uzeeni

Baba yangu aliipenda miti kuliko alivyotupenda sisi, na nasema hivyo nikiwa binti yake wa kwanza, si jirani wa kusikia. Tena si miti yote. Ni miwati yake tu, ile aliyoipanda mteremkoni nyuma ya nyumba yetu, upande wa Kitandililo, alipokata shauri kwamba mkongeni harudi tena.

Huko mkongeni Tanga alikuwa manamba, kibarua wa mkataba, kwa miaka mingi. Alirudi na koti la kaki, kikohozi, na wazo moja. Enzi hizo za Mwingereza, karani wa bomani Njombe akizeeka alikuwa na pensheni yake. Mkulima alikuwa na nini? Watoto, basi, na watoto wenyewe ndio sisi. Baba akatutazama vizuri, mmoja mmoja, kisha akaenda kutafuta mbegu za miwati.

Miwati ilikuwa na soko. Magome yake yalitumika kutengenezea ngozi, na kila kiangazi lori la wanunuzi lilipita kuyachukua. Unapanda, unangoja mpaka mtoto aliyezaliwa mwaka huo aanze shule, unakata, unabandua magome, unauza. "Karani ana pensheni yake," baba aliwaambia watu nje ya kanisa, "na mimi ninayo yangu, imesimama kule nyuma inakua."

Mama aliukubali mpango huo kwa sababu moja: bati. Nyumba yetu ya nyasi ilivuja, na kila mwaka baada ya mavuno yeye ndiye aliyeteremka bondeni kukata nyasi za kuezekea, akazifunga mizigo, akazipandisha kilima kwa kichwa. Baba alimwahidi kwamba miti ikikomaa tu, nyumba inapata bati, naye mama anapumzika. Ahadi hiyo aliitoa mbele yetu sote, hata wadogo wanaikumbuka.

Basi miti ikakomaa. Lori likaja. Baba akabonyeza gome kwa kidole gumba, akatikisa kichwa, akasema, "Bado jembamba." Mwaka uliofuata, bado jembamba. Mwaka wa tatu dereva mwenyewe alishuka, akalishika gome, akasema, "Mzee, unangoja lipi tena? Hili limeshapitiliza!" Baba akamjibu kwamba yeye hana haraka. Lori likaondoka na vumbi lake, mama akabaki kashika kiuno.

Na mapenzi yenyewe sasa! Asubuhi, umande haujakauka, baba alikuwa ameshavaa koti lake anaikagua. Mti ukiinama kidogo kwa upepo, siku hiyo halali vizuri. Kabla ya kula alituongoza kwa sala, akamshukuru Mungu kwa miti, halafu kwa chakula, halafu, akikumbuka, kwa mama. Mama aliitikia "Amina" kama anayefunga mlango.

"Akiba haiozi," baba alipenda kutuambia.

"Haiozi," mama akamjibu siku moja, "anayeoza ni mwenye nayo."

Tulicheka mpaka ugali ukapoa. Baba naye alicheka, maana hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Lakini hakukata. Mimi nilidhani ni ubahili, na hasira zangu ni za karibu, nimezirithi kwa mama. Nikasema mbele ya baba mdogo, mdogo wake baba aliyekuja kutusalimu, "Basi baba, uioe kabisa hiyo miti!" Baba mdogo akapaliwa na togwa. Mama alinikemea kwa mdomo, macho yakinipongeza.

Kiangazi kile tuliteremka tena bondeni, mama na mimi. Tulikata nyasi tangu asubuhi, na mama akifunga mizigo alikuwa akinitania kuhusu kijana fulani wa Wanging'ombe aliyekuwa akipita kwetu bila sababu. Mzigo ukawa tayari. Akachuchumaa, nikamtwika, akataka kuinuka. Hakuinuka. Akacheka. Akajaribu tena, na safari hii hakucheka. Nilimtua mzigo, akaukalia.

"Magoti yamegoma," akasema.

Niliogopa, nisikufiche. Mama yangu sikuwahi kumwona akikaa kabla kazi haijaisha. Nikapaza sauti kumwita baba, ambaye bila shaka alikuwa pale pale juu, mitini kwake. Akaja mbio na koti lake.

"Pumzika kidogo, mama watoto, utainuka," akasema.

"Nitainuka," mama akasema. "Ila nakuuliza kitu. Miti ile ulipanda ya nini?"

"Si ya uzee wetu?"

"Na uzee uko wapi?"

"Haujafika bado."

"Wako haujafika," mama akasema. Hakupandisha sauti. "Wangu ndio huu, uko magotini. Uzee ulipokuja ulinikuta bondeni."

Baba alikitazama kilima, akaitazama miti, akavua koti. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayesingiziwa wizi na kumbe ni kweli ameiba, "Nikiikata nitakuwa nimeshazeeka. Ndiyo maana."

Jamani! Miaka yote ile mimi namwita bahili, kumbe mtu alikuwa anaogopa. Hasira zilinitoka, nikamwonea huruma baba yangu kwa mara ya kwanza. Yeye akaviringisha koti, akaliweka kichwani kama ngata, akaniambia nimtwike nyasi. Wanawake waliokuwa wakitoka kisimani walipomwona akipanda kilima na mzigo ule walimpigia vigelegele, wakamuuliza leo jua limechomoza wapi. Akawajibu wamtazame vizuri, hawataona tena.

Baba alikubali kukata, ila baba mdogo ndiye aliyeangusha mti wa kwanza, maana baba alikwenda kusimama mbele ya nyumba ili asiuone. Wa pili baba aliuangusha mwenyewe. Tukabandua, tukakausha, tukafunga, na lori lilipokuja tulipanda juu ya magome yetu wote watatu, baba, mama na mimi, mpaka Makambako, yalikopimwa.

Baba alipolipwa alizinyoosha noti, akazitia mfuko wa ndani wa koti, akafunga kifungo, akakigusa. Nilikijua kiganja kile. Ndicho kilichokuwa kikipapasa miti. Nikaanza kuchemka. Mama alikuwa ameshatangulia mlangoni mwa duka la bati.

Baba akapiga hatua mbili, akasimama. Akafungua kifungo, akamfuata mama, akamwekea noti zote kiganjani.

"Chukua wewe, tena upesi," akamwambia. "Zikilala kwangu nitazipenda nazo."

Mama alishaingia dukani, na sisi tuliobaki nje tulimsikia akigonga bati kwa kidole, moja baada ya jingine.