Bangili za Saizi Ndogo

Watu wa mtaani kwetu wakimwona wifi yangu Indumati anapita na begi lake la vitabu husema, "Mwalimu huyo," kisha wanacheka. Mmoja nilishammwagia maji ya kuoshea sufuria, na leo akirudia nitarudia.

Ana digrii ya historia, mwanamke wa kwanza kuipata katika ukoo wetu mzima, na juu yake miaka miwili ya mafunzo ya ualimu. Alichotaka si kikubwa: kufundisha darasa la kwanza na la pili shule ya serikali, basi. Lakini huku kwetu jimbo la Bihar, kazi hiyo mpaka ufanye mtihani wa jimbo, na mtihani wenyewe una mambo yake. Mara ya kwanza karatasi zilivuja, wakaufuta. Mara ya pili alikuwa na mimba ya miezi tisa, uchungu ukamshika ndani ya treni. Mara ya tatu alikosa kwa alama mbili, akalala siku nne bila kugusa chakula. Hii ya mwaka jana ilikuwa ya nne na ya mwisho, maana umri wa kuomba ulikuwa unamwishia Desemba. Nyumbani tulijua wote isipokuwa mama. Mama akipata jambo la kuogopa hulisema hadi kwa mbuzi, ndiyo maana hatukumwambia.

Sasa, siku tatu kabla ya mtihani ilikuwa Tij, siku ambayo wake hufunga bila hata maji ili waume zao waishi. Mume wa Indumati ni kaka yangu Dhananjay, yuko Surat kwenye kiwanda cha nguo. Mama alimwita Sugni muuza bangili, akachagua za kioo, nyekundu, saizi ndogo. Indumati akasema taratibu kwamba kadi ya mtihani imekataza kitu chochote mkononi. Mimi na kimbelembele changu nikadakia kwamba mwaka uliopita wake za watu waliruhusiwa kuingia na bangili za kioo, avae tu, asimuudhi mama. Ni mimi niliyesema. Sugni akampaka sabuni, akamkamua vidole mpaka machozi yakamtoka, zikapita kumi na mbili kila mkono. Mama akaridhika, akasema bangili zinazolegea ni za mke wa kuazima.

Siku ya mtihani tulifika mjini Darbhanga saa mbili asubuhi, mimi, mama na Indumati. Lango la kituo cha mtihani lilikuwa linafungwa saa tatu na nusu. Foleni ilikuwa ndefu, na askari wa kike alikuwa anakagua: kipini cha pua toa, hereni toa, mikono mirefu ya blauzi inakatwa kwa mkasi palepale. Alipomfikia Indumati ilikuwa imegonga saa tatu. Akazigusa zile bangili kwa kirungu chake.

"Dada, hizi zitoke, au urudi nyumbani."

Tukakimbilia kibanda cha chai kuomba sabuni. Za mkono wa kushoto zilitoka moja moja, na ngozi juu. Mkono wa kulia, ule anaoandikia, ulikuwa umevimba kwa joto na kwa kuvutwa, zikagoma saba. Tukapaka mafuta ya haradali. Nikavuta mpaka nikasikia kitu kinalia kwenye kidole gumba chake. Zilibaki dakika kumi.

Kila mwanamke aliyekuwa pale alijua kilichobaki, na hakuna aliyekitaja. Kwetu bangili za mke huvunjwa siku moja tu, siku mumewe amelazwa chini amekufa, na wanawake wa mtaa ndio wanaozivunja kwa jiwe. Za mama zilivunjwa hivyo miaka kumi na moja iliyopita. Mimi ndiye niliyemshika mikono.

Indumati alimtazama mama, wala hakuomba. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Mama, twende nyumbani."

Nilidhani mama atashukuru. Akainama, akaokota kipande cha tofali, akakaa kwenye vumbi, akamvuta mkono na kuulaza kwenye ukingo wa mfereji.

"Aliyemzaa mumeo ni mimi," akasema. "Nikivunja mimi, hapatwi na neno. Fumba macho, mwanangu."

Akapiga. Ya tatu ilimchana chini ya kiganja, lakini mama hakuacha mpaka zikaisha zote. Akachana pindo la sari yake nyeupe, akamfunga, akamsukuma kuelekea langoni. Lango likafungwa nyuma yake.

Yaliyofuata simwombei hata adui yangu. Mama alininyang'anya simu akampigia Dhananjay. Haikupokelewa. Akapiga tena. Nikamkumbusha kwamba kiwandani simu huachwa kabatini mpaka zamu iishe, jambo analolijua miaka yote. Halikumwingia. Alipiga labda mara arobaini, amekaa palepale kwenye vioo, anajiita muuaji. Saa nane mchana kaka akapokea, mdomo umejaa chakula, akauliza kuna nini.

"Hakuna kitu," mama akamwambia. "Kula, baba." Akakata simu, ndipo akalia.

Indumati alipotoka, nilijua kabla hajafungua mdomo. Maswali aliyaweza, karibu yote. Lakini kitambaa kililowa, na tone moja la damu likaangukia karatasi ya majibu, penye visanduku vya namba yake. Karatasi zile husomwa na mashine, na mashine ikikuta doa haisomi. Aliomba nyingine, msimamizi akamjibu kwamba kila mtu anapewa moja. Akaimaliza hivyohivyo, mkono ameuinua usiguse karatasi.

Matokeo yalipotoka, hakuwa kwenye waliofaulu wala walioshindwa. Alikuwa kwenye orodha ya tatu, ya karatasi zilizokataliwa. Desemba ikapita. Mama aliambiwa kwamba Indumati amekosa kidogo tu. Habari ya tone hakuambiwa, na ya umri ndiyo kabisa, mpaka leo.

Juzi Sugni alipita na kapu lake. Mama akamwita, akamkalisha Indumati, akaushika ule mkono wenye kovu. Sugni alikuwa ameshatoa saizi ileile. Mama akamrudishia.

"Nipe kubwa," akasema. "Zinazotoka upesi. Mwaka huu ana mtihani."

Indumati akanyoosha mkono. Mimi nikaingia jikoni, nikaanza kuosha sufuria zilizokwisha kuoshwa.