Redio ya Zamu

Wajukuu zangu hugombania tamthilia mbele yangu, nami huwaacha wagombane. Mkubwa anashikilia kwamba hakuna kama zile za Mexico alizoangalia na mama yake alipokuwa mdogo, enzi ambazo mtaa mzima ulikuwa na televisheni mbili, na saa ya mchezo ikifika wali unaungua majumbani. Wa kati anatetea za Ufilipino. Mdogo, ambaye hata kuwasha jiko la mkaa hajui, anasema hao wote ni washamba, za Kituruki ndizo zenyewe. Juzi wakanigeukia. "Bibi, wewe umeziona zote. Ipi kali?"

Nimeziona zote, kweli. Tangu magoti yaliponigomea sina kazi nyingine mchana. Za Mexico zilikuwa na ngazi. Kila nyumba ina ngazi, na kila ngazi ina mtu wa kusukumwa. Akianguka anasahau jina lake, na sisi tunakaa miezi tukingoja alikumbuke. Za Ufilipino zilinitoa machozi, maana maskini wao ni maskini kweli na wanakula wali na samaki kama sisi, ila makofi yalizidi. Za Kihindi, mtu akigeuza shingo tu ngoma inapigwa mara tatu, na mimi na presha yangu nikaona nisitafute kifo. Hizi za Kituruki watu wake ni wazuri wa sura, lakini wanatazamana mno. Unaweza kwenda jikoni, ukaepua mkate wa kumimina, ukarudi ukawakuta bado wanatazamana.

Nikawaambia kwamba iliyo kali kuliko zote sikuiona kwa macho. Niliisikia, tena nusu. Wakacheka, wakarudi kwenye simu zao. Basi naiandika, kwa kuwa karatasi haina pahala pa kwenda.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Uhuru bado. Niliolewa kutoka Kigombe nikaletwa Tanga mjini, mke wa pili wa fundi cherehani. Mume alinipangia vyumba Barabara ya Kumi, Ngamiani. Bi mkubwa alikuwa Barabara ya Kumi na Nne. Yeye alikuwa mtu wa Pangani, ameishi na mume miaka mingi bila kupata mtoto, na kila mtu alijua kwamba mimi nimeletwa kwa ajili hiyo. Siku nilipopelekwa kumwamkia nilimpa shikamoo yake. Hakuitikia. Alinitazama miguuni, akaendelea kuchambua mchele. Nilirudi nyumbani na shikamoo yangu, na kwa muda mrefu baada ya hapo hatukuonana.

Upweke wa siku zile siwezi kumweleza mtu aliyezaliwa na simu mkononi. Mume alikuwa na siku mbili kwangu na siku mbili kwake. Hata zile siku zangu, mchana alikuwa dukani kwake karibu na soko. Majirani walikuwa marafiki wa bi mkubwa tangu zamani, hivyo wakanipa salamu na basi. Kutoka mlangoni lazima nipate ruhusa, na nikipata ruhusa sina pa kwenda. Nilikuwa naosha vyombo vilivyo safi. Nikimaliza, naviosha tena.

Kisha mume akanunua redio. Ilikuwa ya betri, na betri lenyewe kubwa kama tofali. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na hofu moja kubwa maishani: kwamba siku ya Kiyama atafufuliwa ameinama upande mmoja kwa kutofanya uadilifu baina ya wake. Khanga alinunua doti mbili za namna moja. Samaki nguru alimkata mwenyewe, tena alimpima kwa ile futi yake ya kupimia nguo. Leo mimi nikipata kichwa, safari ijayo kichwa ni cha mwenzangu. Redio haikatiki, kwa hiyo akaiingiza kwenye zamu. Anapolala ndipo redio inapolala. Asubuhi ya kubadilisha aliifunga kwenye keria ya baiskeli kwa mpira, akaivika mfuko wa kitambaa cha amerikani alioushona mwenyewe, akaiteremsha kwa mke mwingine kabla ya kwenda kufungua duka. Mtaa mzima ulijua fundi leo yuko wapi kwa kutazama baiskeli.

Alasiri, baada ya sala, kulikuwa na mchezo wa kuendelea kutoka Dar es Salaam. Sijapata kusikia kitu kama kile. Binti analelewa na mama wa kambo mkali, anaambiwa mama yake mzazi alikufa. Kila asubuhi anatumwa kununua vitumbua kwa mama mmoja wa kando ya njia. Yule muuza vitumbua ndiye mama yake. Sisi tunajua, binti hajui, na mama naye hajui kwamba huyu mteja wake wa kila siku ni mwanawe. Wanaongea habari za moto na kuni, na mtu unatamani uingize mkono ndani ya redio uwashike vichwa uwagonganishe. Hapakuwa na ngazi wala ngoma. Palikuwa na sauti tu, na mtu anayegonga sahani ya bati kwa nyuma ili tujue ni sokoni.

Siku mbili niliishi na watu hao. Siku ya tatu, baiskeli ikaondoka nao.

Hapo sasa ndipo nilipoteseka. Zamani nilikuwa mpweke wa kukosa watu. Sasa nikawa mpweke wa watu ninaowajua kwa majina, wako mitaa minne kutoka kwangu, wanazungumza na mtu asiyenitaka. Nilimuuliza mume mchezo umefikia wapi. Akasema yeye husikiliza taarifa ya habari na bei ya mkonge, mambo ya vitumbua hayajui.

Asubuhi moja, redio imeshaondoka kwangu, mlango ukabishwa. Nafungua, bi mkubwa huyu hapa, na buibui lake, anahema. Hakusalimu.

"Yule muuza vitumbua, keshajulikana?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Lakini nami nilikuwa na kiburi changu cha Kigombe. Nikamwambia, "Shikamoo, dada."

Akanitazama. Akajua nimekusudia nini. "Marahaba," akasema, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. "Haya, keshajulikana?"

"Bado. Karibu ndani."

Aliingia, akakaa kwenye mkeka, nikampa chai. Nikamsimulia zile siku zangu mbili, naye akanisimulia zake mbili za kabla, na kwa mara ya kwanza nikaujua mchezo ulivyoshikana. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tangu siku hiyo, kila baiskeli ilipobadilisha nyumba, yeye alikuja, maana ruhusa yake ya kutoka ilikuwa ya zamani na ya jumla, yangu ilikuwa ya kuomba.

Namna yake ya kusimulia nimeitafuta katika televisheni zote sijaipata. Mimi nilisimulia kwa haraka, fulani kasema hivi, fulani kajibu vile. Yeye aliigiza. Sauti ya binti aliitoa puani, ya baba mtu aliitoa tumboni. Tena alikuwa upande wa mama wa kambo, na hapo tulibishana mpaka chai ikapoa.

"Wewe wamuona mbaya kwa kuwa wasikia zile siku anazopiga," aliniambia. "Zile siku anazompaka mtoto mafuta zaangukia kwangu."

"Na kumficha mamake je?"

"Akimwambia, mtoto atakwenda zake. Atabaki na nani?"

Nikainuka kumwongezea chai. Nilikuwa mdogo, lakini si mdogo wa kutoelewa hilo. Akanitania kwamba watu wa Kigombe tumelishwa kasa, ndiyo maana tuko wazito, nami nikamjibu kwamba watu wa Pangani wamezoea kuvushwa na pantoni, hata hadithi wanataka wavushwe. Alicheka hadi akajifuta macho kwa ushungi. Sikuwa na dada wala rafiki mjini pale. Nilikuwa na mke mwenza, na nilimpenda. Sikumwambia, kwetu mambo hayo hayasemwi.

Halafu nikashika mimba.

Mume alifurahi mno, na furaha ikamtoa uadilifu wote aliokuwa nao. Akaiacha redio kwangu. Akasema mwenye mimba lazima aliwazwe, roho yake isiwe na haja ya kitu. Nilimwambia airudishe kwenye zamu. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali, nikamwambia hiyo ni haki ya mtu. Akasema mambo ya haki nimwachie yeye. Siku zake za kulala kule alikwenda, lakini mikono mitupu, baiskeli tupu, na mtaa mzima ukaona.

Bi mkubwa hakuja. Baiskeli ilipita na kurudi, hakuja. Nikaomba ruhusa, nikajikokota na tumbo langu mpaka Barabara ya Kumi na Nne. Nilikuwa na siku nyingi za mchezo kichwani, nimezipanga vizuri nisisahau hata moja. Nilikuwa nimejizoeza hata ile sauti ya puani.

Alinikaribisha. Aliniwekea mto mgongoni, akanimenyea machungwa. Nikaanza, "Dada, yule binti—"

"Usinisimulie," akasema. Hakuwa na hasira. "Nitaisikia zamu yangu ikifika."

Nikamwambia zamu huenda isifike. Akasema anajua. Akanimenyea chungwa jingine. Sikuthubutu kuanza tena, na nje ya ule mchezo sikujua tuzungumze nini, maana hatukuwahi kuzungumza kitu kingine. Nikala machungwa, nikaaga, nikarudi.

Kabla sijajifungua alikuwa ameshadai talaka yake na kwenda kwao Pangani kwa kaka yake. Mume alisema ni wivu. Mimi kwa siku kadhaa sikumsemesha, na hakujua kwa nini.

Redio ikawa yangu kila siku. Nilisikia mchezo wote, bila pengo, mpaka mwisho wake. Muuza vitumbua akajulikana. Sauti zililia, sahani ya bati ikagongwa, kisha ukaja muziki, na mtoto wangu alikuwa amelala kifuani. Nilitazama mlango. Ndani ya nyumba ile hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye jambo lile lilimhusu. Nilifunga redio, nikaosha vyombo.

Tangu hapo nimekuwa nikitazama na kusikiliza peke yangu hata watu wakijaa chumbani. Wajukuu hawa wanajua mwisho kabla ya mwanzo. Wameshauona kwenye simu. Nikiuliza ilikuwaje jana wananiambia, bibi, itarudiwa Jumamosi. Hakuna mtu anayekosa kitu, kwa hiyo hakuna anayemhitaji mwenziwe. Picha zimekuwa nzuri, majumba makubwa, na Kiswahili wanachowawekea Waturuki kimenyooka kuliko changu. Lakini ukiniuliza ukubwa wa tamthilia, mimi naupima kwa mtu aliyetoka Barabara ya Kumi na Nne na jua lile, anahema.

Mume alikufa watoto wakiwa wakubwa. Nikakaa eda. Siku ya tatu ya matanga akaingia bi mkubwa, ametoka Pangani kwa basi la asubuhi. Hakuwa na wajibu wa kuja. Mtalaka ana wajibu gani? Alikuwa amekonda, nywele nyeupe, lakini alinikumbatia kwa nguvu. Aliketi nami mkekani siku ile yote. Wanawake walipopungua mchana, tukabaki wawili na uvumba.

Mwisho wa mchezo ule nilikuwa nimeutunza miaka yote hiyo. Nilijua hata maneno ya muuza vitumbua alipomtambua mwanawe. Nikasogea.

"Dada, sasa naweza kukwambia. Yule binti na mamake ilikuwaje."

"Binti gani?"

Nikadhani ananitania. Nikamwambia, yule wa redio, wa vitumbua, na mama wa kambo uliyekuwa ukimtetea. Alijitahidi kweli kukumbuka, niliona, kwa heshima ya msiba wangu.

"Redio naikumbuka, ikija na baiskeli," akasema. "Hadithi siikumbuki, mdogo wangu."

"Ulikuwa unakuja kwangu kwa ajili yake. Kila zamu."

"Nilikuwa nakuja kwa kuwa nyumba ilikuwa kimya," akasema. "Ningekwambia nini mlangoni? Kwamba nimechoka kukaa peke yangu, mimi bi mkubwa, nimekuja kwako?"

Nilikumbuka ile siku ya machungwa, alivyomenya la pili na la tatu ili nisiondoke, na mimi nikiwa nimekaa na siku zote zile za mchezo mdomoni, nikidhani sina kingine cha kumpa.

"Haya," akasema, akanigusa goti. "Nisimulie basi. Ilikuwaje?"

Nikamwambia haina maana tena. Nikamuuliza habari za Pangani, za kaka yake, za minazi. Tukaongea mpaka basi lake likakaribia kuondoka, na yote tuliyoongea yalikuwa mapya.