Pikapu ya Meneja Haikuwaka

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye gereji pale Mukendo mjini Musoma, Fundi Mkuu alinipa brashi na kopo la mafuta ya taa, akafungua boneti. "Osha." Mafundi wakaangua kicheko. "We dada wa Bugwema, hilo si sufuria!" Nikawajibu, "Na sufuria zenu anawaoshea nani?" Shule niliishia darasa la tatu, lakini mdomo sikupunjwa.

Fundi Mkuu, Mwislamu mpole, hakurudiaga neno. Injini haioshwi ikiwa ya moto. Unangoja mpaka uweze kulaza kiganja juu yake usishtuke. Unachomoa waya wa betri. Halafu unafunga nailoni kwenye distributa, inayogawa moto kwa plagi, na kwenye mdomo wa kabureta, petroli inapochanganyika na hewa. "Injini ni kama mtoto anayetambaa," alisemaga. "Chochote anachokikuta, mdomoni."

Wakanihamishia Bunda, karakana ya malori ya pamba. Huko Msimamizi alinipa kazi ya urembo: mbao za dashibodi na mistari ya nikeli ya milangoni. Mbao unaikwangua vanishi ya zamani, unapiga msasa kufuata nyuzi zake, unapaka nyembamba, ikikauka unarudia. Nikiharakisha, Msimamizi alipitisha ukucha tu. "Mama, hii vanishi au uji?" Naanza upya. Nilikuwa hodari, sioni haya kusema.

Nilistaafia Butiama, nikitunza magari ya ghala la pamba. Meneja wa pale alikuwa na pikapu ya zamani ambayo hakuna aliyeigusa ila mimi. Alisema akifa abebwe nayo.

Akafa mwaka huu. Mjane wake akanipigia. "Dada, njoo umtengenezee gari lake. Nilimwahidi." Vidole vyangu vinatetemeka sasa, nikaenda hivyo hivyo. Asubuhi ya maziko nilikuwa kibarazani namalizia mbao ya dashibodi. Wajukuu wa marehemu nilikuwa nimewaambia injini waniachie. Hawakuniachia. Walikuwa wameazima mashine ya presha, wakatoa chujio la hewa ili waoshe vizuri, kabureta ikabaki mdomo wazi.

Niliposikia maji yanavuma nikapiga kelele.

"Bibi tulia, ona inavyong'aa!" Mmoja akawasha. Ikagonga ko! ikanyamaza. Maji yalishaingia ndani kwa kabureta, na maji hayabanwi, wanangu. Pistoni ilipanda ikakutana nayo, mkono wake ukapinda.

Mjane akatoka ndani. "Imewaka?"

"Haiwaki."

"Mpaka mchana itawaka?"

"Wala kesho, mdogo wangu."

Akakaa chini, palepale kwenye tope la sabuni. Jeneza likapakiwa kwenye gari la kukodi lenye tangazo la magodoro ubavuni. Alimsindikiza mumewe akiwa amejifunika uso.

Matanga yalipokwisha, watu wa chuma chakavu wakaja kuikata ile pikapu uani. Nilikuwepo. Watu hunipongeza nimestaafu salama. Mimi naona nimeachwa hai niiangalie kazi yangu ikikatwa vipande. Mjane akaniuliza, "Dada, hivi umemfundisha nani?"

"Hakuna. Waliokuja kujifunza hawakuweza kungoja injini ipoe."

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Jua lilikuwa kali. Akaingia ndani, akatoka na jagi, akawapa wakataji maji ya kunywa.