Gari la Mkubwa Kwenye Kilima cha Wawi

Nilinunua gari kwa sababu ya pazia. Nakiri mapema, mtu asije akanitafutia sababu ya maana. Lilikuwa jeusi, refu, la Kizungu, dirisha la nyuma lina kipazia cha kukunja, na kila mlango una kisahani chake cha majivu. Mimi hata sigara sivuti. Huko kwao lilitengenezwa lipambane na magari ya wakurugenzi, likashindwa vibaya, wakaacha kuliunda. Hayo nilielezwa na fundi wa mjini Chake baada ya kununua. Kabla ya hapo nilichoambiwa ni kwamba lilikuwa la mkubwa mmoja Unguja, nami kichwa kikavimba.

Mtu wa kukaa ndani kama mimi gari la nini? Nililiweka uani kwangu pale mtaani Jadida, jioni nikawa naketi kiti cha nyuma kusikiliza redio. Mke wangu akawa anawaambia wageni, "Mume wangu kaongeza sebule, kaiweka nje."

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya vyama vingi. Nikipita nalo barazani, watu wanakatiza mazungumzo ya siasa. Mwenzangu wa bao akaniuliza, "Weye umehama chama, au umetumwa kutusikiliza?"

Basi dada yangu, mjane, akaozesha binti yake Wawi. Gari jengine safi mtaani lilikuwa la bwana mmoja ambaye tangu uchaguzi hakuitika salamu zetu, wala sisi zake. Dada akasema, "Kuliko gari la yule, mwanangu ataenda kwa miguu." Mtoto hana baba. Kumfikisha kwa mumewe kwa heshima, watu wa kule wasije wakasema kaletwa kama gunia la karafuu, kulikuwa juu yangu mimi mjomba.

"Atakwenda na langu," nikasema.

Nyumba nzima ilicheka, dada naye akicheka huku anafuta machozi. Hapo ndipo nilipokaza roho.

Fundi akainama akalitegea sikio gari, akainuka. "Gia za mbele zimechoka, mzee. Zikipata moto hazipandi mlima. Ya kurudi nyuma, rivasi, ndiyo nzima."

"Zitengeneze."

"Kwa vipuri vya wapi? Hata waliolitengeneza washalisahau."

Nikalisugua mpaka likanionesha ndevu zangu. Siku yenyewe nyuma walikaa bi harusi, kajifunika gubigubi, somo wake aliyemfunda mambo ya ndoa, na Bi Mkubwa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye hakualikwa kwenye gari bali alijipakia. Tukaenda vizuri, nami mabega yakaanza kupanda.

Kilima cha mwisho, gari likanguruma na kusimama palepale. Juu tunawaona watu wa bwana harusi wanatusubiri. Vijana wa njiani wakaja mbio kusukuma, wakaona pazia, wakarudi nyuma.

"La serikali hilo, msiliguse!"

"Tushuke?" akauliza somo.

"Hashuki mtu!"

Nikaligeuza, nikatia rivasi, nikapinda shingo mpaka ikalia. Likapanda! Polepole, moshi mtupu, lakini likapanda. Watu wa Wawi walikodoa macho, gari la mkubwa linawajia kwa makalio. Kisha mama wa bwana harusi akapiga kigelegele, wengine wakakipokea. Chini ya buibui bi harusi alikuwa anatetemeka. Nilidhani analia, kumbe kicheko kimemshinda. Akashukia mlangoni kwa mumewe, kwenye mkeka, kiatu hakikugusa vumbi.

Wakati wa kurudi nilikuwa natafuta sifa, sikuficha. "Bi Mkubwa, si nimemfikisha?"

Akajifunga vizuri mtandio wake, akalitazama lile pazia, akanambia:

"Umemfikisha, hilo nakupa. Lakini siku nikiumwa usinisogezee dude lako. Bora nife kitandani kwangu nikitazama mbele."