Nusu Saa ya Hedley Pardy

Kwa siku kumi na moja kifaa cha kijiji cha Gannet Cove hakikuitika. Kwenye ramani ya ofisi yetu hapa Halifax, Kanada, kilikuwa nukta pekee ya kijani katika pwani yote ile ya kisiwa cha Newfoundland, na sasa nukta imekuwa nyekundu.

Vifaa hivyo ni visanduku vidogo. Watu wa kujitolea huvichomeka majumbani mwao, na kila baada ya dakika nne kifaa hupiga hodi kwenye kompyuta za mbali na kupima kinajibiwa baada ya muda gani. Kikinyamaza, tunataka kujua jambo moja: laini ya intaneti imekatika, au ni umeme wa nyumba tu? Bila jibu hilo, takwimu zake hazifai.

Hedley Pardy, aliyekiweka kifaa cha Gannet Cove nyumbani kwake, alikuwa na jibu. Mjane wa miaka sabini na minane, fundi wa kiwanda cha samaki kilichofungwa zamani, alikuwa na daftari. Kila laini ilipokufa aliandika saa, kisha: "Taa zinawaka, birika linachemka, intaneti hakuna."

Muuguzi alimwangalia moyo kwa video kila Jumanne, na Jumanne nyingi laini ilikatika. Binti wa Hedley, Glenys, alishamwambia kwamba isipotengenezwa kabla ya theluji, atakuja kumchukua akaishi kwake. Kampuni ilidai laini ni nzima. Tume ya mawasiliano, iliyopelekewa shauri hilo, ilisubiri ripoti yetu.

Nilipompigia mara ya kwanza, aliniuliza swali la wazee wote wa kule.

"We mtoto wa nani?"

"Wa Selina Rideout, wa Burnt Arm."

"Selina! Aliyemmwagia kasisi supu ya mbaazi?" Alicheka mpaka akakohoa. "Basi we wa nyumbani. Mbona unaongea kama mtu wa Halifax?"

"Miaka ishirini na miwili huku, mzee."

"Pole, mwanangu. Hiyo haina dawa."

Nilimuuliza kama kifaa kinamsumbua.

"Kinisumbue? Tangu mke wangu Winnie afe, hapa hodi inapigwa na hicho tu. Tena hakili chochote."

Agosti, mwenzangu Colin alipitisha daftari kwenye programu. Tukio lililopishana na rekodi ya kifaa kwa zaidi ya dakika tano lilihesabiwa kosa.

"Mzee wako anabuni," alisema. "Matukio arobaini na matatu, hakuna hata moja linalolingana."

Nilimpigia Hedley. "Saa yako ni sahihi, mzee?"

"Naiweka kwa redio kila asubuhi."

"Basi uwe mwangalifu zaidi unapoandika."

"Sawa, mwanangu."

Niliitia sahihi ripoti. Ilisema pwani ile haina takwimu za kuaminika, na tume ikalifunga shauri. Oktoba, nukta ikawa nyekundu.

Siku ya kumi na moja nilikuwa jikoni namenya viazi. Mtangazaji wa redio akasema yale anayoyasema kila siku: kipindi kitaanza saa mbili, na saa mbili na nusu Newfoundland. Nikaweka kisu chini. Saa za kule ziko nusu saa mbele ya zetu. Hedley aliandika saa za kwao, sisi tukazisoma kama za Halifax. Nilifungua nakala ya daftari nikaondoa nusu saa kila mahali. Matukio yote arobaini na matatu yakaangukia mahali pake. Na mimi ndiye niliyezaliwa kule.

Simu yake ya nyumbani haikupokelewa. Nikampata kwa Glenys.

"Mbona hukuniambia, mzee?"

"Uliuliza kama saa ni sahihi. Ilikuwa sahihi." Nilisikia televisheni nyuma yake, na watoto. "Nilidhani unajua. We si wa nyumbani?"

Tulipeleka masahihisho. Tume ikajibu kwamba shauri lilikwishafungwa, na kwamba nyumba ya kifaa haina mkazi.

Hedley Pardy anaishi Fort McMurray, Alberta, upande wa pili wa nchi, katika chumba cha chini cha nyumba ya binti yake.